Mbegu Tulizoazima Nyakitonto

Vijana wa maabara, mliniaga vizuri. Mlinipa vitenge viwili, saa ya ukutani na blenda, na mmoja wenu akasoma risala ndefu iliyosema mimi ni maktaba inayotembea. Halafu mkanidaka mlangoni, mkaniomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu thelathini na sita chuoni, ili wanaokuja wajifunze. Nimekubali. Vyeo sitaviandika kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara mnaujua. Nitaandika kuhusu maharage. Anayetafuta kitu cha kumtia moyo airudie ile risala.

Mimi ni mtoto wa duka. Baba yangu alitoka pwani na jamaa zake kufuata biashara ya chumvi na vitambaa, akafungua duka Kasulu mjini, na humo nimekulia, katikati ya magunia. Jembe nililijua kama bidhaa. Maharage niliyajua kwa kopo la kupimia: ya rangi moja huondoka siku hiyohiyo, na yaliyochanganyika hukaa mpaka fukusi wayafanyie sherehe. Nilipopata cheti changu cha ufundi wa maabara, chuo cha kilimo kilikuwa kinatafuta fundi wa mbegu. Kilikuwa chuo kidogo wakati ule, mabanda manne ya bati na shamba kubwa. Kilijengwa huku kwa sababu nyanda zetu zina mvua, zina udongo, na zina wakulima wengi kuliko barabara.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Tope jekundu likakibakiza kimoja getini, nikaingia ghalani nikichechemea. Mzee Ruhoza, mkuu wa ghala la mbegu, hakucheka. Alinitazama mguu, akanipa kandambili zilizokuwa nyuma ya mlango, kisha akamwaga mezani vikombe viwili vya maharage mchanganyiko na kunitaka nimwambie ni aina ngapi. Nikatenga kwa rangi, haraka, kama nilivyozoea. Nikamjibu saba. Akavuta kiti, akaanza kutenga upya. Alitazama kitovu cha kila punje, mgongo wake, mng'aro wake. Alipomaliza, mezani palikuwa na mafungu kumi na tisa.

"Wewe umetenga kwa macho ya mnunuzi," alisema. "Hapa tunatenga kwa macho ya mama mwenye shamba."

Nilinuna wiki nzima. Nilijiona nimesoma, na yeye alikuwa mtu wa darasa la saba aliyeanzia kazi ya kulinda ndege shambani. Lakini kila nilichokuja kukijua kuhusu mbegu nilikipata kwake. Kipima unyevu chetu kiliharibika mwaka wangu wa pili, na mnajua wenyewe kwamba kwetu kitu kikiharibika huwa kimestaafu. Mzee Ruhoza alichukua chupa ya kioo, akatia chumvi kavu kidogo, akatia maharage, akatikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mbegu bado ina maji, rudisha juani. Chumvi ikianguka chini bila kushika, funga. Njia hiyo haikutuangusha hata siku moja, na haikuhitaji fundi kutoka Dar es Salaam.

Alinifundisha pia kuotesha. Unahesabu punje bila kuchagua, kwa sababu mkono una tabia ya kuokota nzuri. Unazipanda kwenye trei ya mchanga uliochemshwa. Siku ya tano unatazama, siku ya tisa unahesabu. Kisha unaandika ulichokiona. Hilo la mwisho alilirudia mara nyingi kiasi kwamba nililiona ni la kitoto. Nani angeandika asichokiona?

Miaka ikaenda. Kisha ikaja habari kwamba chuo chetu kinapandishwa, kinakuwa tawi la chuo kikuu. Furaha ile mngeiona! Wazee walitoka Kibondo na magari ya mizigo kuja kusikia hotuba. Tuliambiwa watoto wa Kasulu na Kibondo hawatakwenda tena mbali kusoma, na kwamba utafiti utashuka kutoka maabara mpaka shambani kwa mama. Jiwe la msingi liliwekwa mara mbili, kwa kuwa mgeni wa kwanza aliliweka mahali ambapo baadaye palionekana pana mkondo wa maji. Kikaja kibao kikubwa kuliko geti lenyewe. Na mimi nililia siku ile, siwafichi. Niliamini kila neno.

Pamoja na kibao akaja Daktari. Simtaji jina, hana kosa kubwa kuliko langu. Alikuwa mtu mwema na mwenye haraka, kiongozi wa mradi wa maharage. Mradi ulikuwa na kazi mbili: kukusanya mbegu za asili za wilaya zetu na kuzihifadhi kwenye chumba cha baridi, na kusambaza mbegu bora moja, nyekundu, punje kubwa, inayoiva haraka jikoni. Mimi nilipewa chupa, lebo na daftari. Wenzangu wakaniita Bi Chupa, na jina likanikaa mpaka nastaafu.

Tukazunguka Kitanga, Nyakitonto, na vijiji vya barabara ya Kibondo. Hapa lazima niwaeleze jambo, kwa sababu wengi wenu mmetoka mikoa mingine. Huku mbegu hainyimwi. Mwanamke akiishiwa huchukua kikapu chake akaenda kwa mwenzake, na mwenzake humpimia bila maswali. Akivuna hurudisha, na huongeza kidogo juu. Hakuna anayeandika popote. Kwa hiyo Daktari alipofika kwenye nyua za watu akaomba mbegu, alipewa kila mahali, na usiku ule ule akaandika kwenye ripoti kwamba wakulima wana mwitikio mkubwa kwa utafiti. Sisi tuliandika kwamba tumekusanya. Wao walijua wametuazima. Mzee Ruhoza alijua tofauti hiyo na akaisema kwenye gari, lakini Daktari alikuwa anatafuta mtandao kwenye simu.

Nyakitonto ndiko tulikomkuta Mama Bukuru. Ni mama wa mapacha, Bukuru na Butoyi, na wazazi wake walikimbia Burundi yeye akiwa msichana mdogo. Siku hizi ni raia, na ana kitambulisho anachokihifadhi kwenye Biblia. Alitukaribisha, akatutandikia mkeka, nikamwamkia shikamoo. Nilipomweleza tunachotaka aliingia ndani, akatoka na kikapu chenye mfuniko. Alituambia mama yake alivuka na mbegu hizo zimefungwa kwenye ncha ya nguo kiunoni, na kwamba njiani walilala njaa siku tatu mama akikataa kuzipika.

Nikazimimina kwenye ungo. Sijaona mchanganyiko kama ule. Nilikuwa nimeshajifunza kutazama, nikahesabu aina ishirini na sita. Mama Bukuru alizijua zote kwa kazi zake: hii ya kuwahi watoto wakiwa na njaa, hii ya majani ya mboga, hii ya jua kali. Akaokota moja ndogo, nyeusi, yenye mstari wa kijivu mgongoni, akaniwekea kiganjani. Akasema hii ndiyo ya mvua. Miaka mingine unaiona ya bure, huzaa kidogo, na kwenye chungu inachelewa kuiva. Lakini mwaka ambao udongo haukauki na mengine yote yanaoza mizizi, hii inabaki imesimama peke yake, na nyumba inakula.

Alinipimia bakuli mbili zilizojaa. Nikaandika lebo, namba, kijiji na jina lake, nikamwonyesha.

"Zitarudi lini?" aliniuliza.

"Siku ukizihitaji, mama. Zitakuwa zinakungoja."

"Wewe ndiye utakayezitunza?"

"Mimi mwenyewe."

Akaridhika. Tazameni, hakumuuliza Daktari. Aliniuliza mimi.

Chumba cha baridi kilikuwa kizuri. Rafu nyeupe, kiyoyozi kinanguruma, chupa zimepangwa kama askari. Wageni wote walipitishwa humo na kupigwa picha. Mzee Ruhoza peke yake hakukipenda. Alitaka kila mwaka wa pili tuzipande shambani na kuzivuna upya, na tugawe kwa kina mama wa vijiji vingine. Alisema mbegu ni kama kaa la moto, linalodumu ni lile ulilompa jirani. Daktari alimsikiliza kwa heshima na kusema bajeti haina kipengele hicho. Mwaka uliofuata mzee akastaafu. Miaka mitatu baadaye tukamzika kwao, na chuo kilipeleka gari na shada.

Sasa nifike kwenye sehemu ya pili ya mradi, ile ambayo mimi nilisifiwa kwayo. Mbegu nyekundu ilihitaji msemaji, na msemaji nikawa mimi, mtoto wa duka. Nilisimama mbele ya kina mama wa Nyakitonto na Kitanga nikawaambia ukweli wote nilioujua tangu utotoni: mnunuzi hataki mchanganyiko. Nikawatandikia turubai nikawafundisha kuchambua. Nyekundu huku, nyinginezo huku. Nyinginezo kuleni. Walicheka, wakataniana kwamba Bi Chupa anatenga maharage kama anatenga wake wenza, lakini walichambua. Mama Bukuru aliniuliza kama na ile ya mvua aiweke kwenye ya kula. Nikamwambia ale bila wasiwasi, mbegu yake iko chuoni, salama kuliko nyumbani kwake ambako kuna panya na moshi.

Na nyekundu ilizaa. Nisiseme uongo kwa sababu nina uchungu. Ilizaa miaka mingi. Nyumba ziliezekwa bati, watoto walipelekwa shule, kaka zangu dukani walinishukuru, kwenye maonyesho ya Nane Nane tulipanga mafungu yake mezani na watu wakayagusa kwa kuyatamani. Ilifika mahali ukizunguka vijiji vyote hivi wakati wa kupalilia huoni ua la rangi nyingine. Daktari alihama kwenda kwenye nafasi kubwa. Mradi ukafungwa. Kibao cha mradi kikabaki, kina kutu, njiwa wanakitumia.

Kiyoyozi kilikufa mwaka wa pili baada ya mradi. Wakati ule umeme wetu ulikuwa wa jenereta, na dizeli ilikuwa ya wiki za mitihani. Nikaandika barua. Nikaandika nyingine. Baadaye umeme wa gridi ukafika, tukashangilia, lakini kiyoyozi hakikufufuka, na zile nyaya nzuri za chumba cha baridi zikaonwa na watu wengine, zikaondoka nao usiku. Chuo kilikuwa kinakua kwa njia yake: wanafunzi waliletwa kutoka kila mkoa, wengi walitaka kozi za biashara na kompyuta, wachache sana walitaka matope. Chumba cha baridi kikawa darasa la kompyuta. Shamba la majaribio likawa mabweni. Chupa zangu zikahamishiwa ghala la zamani la zana, chini ya bati tupu, jirani na mabomba ya kupulizia dawa. Mchana humo ndani huwezi kusimama kwa nusu saa bila kutoka jasho. Fukusi walipoanza kuzisogelea nikazipaka dawa ya unga, kila chupa, mpaka maharage yakawa meupe kama yamekoga majivu.

Vijana, nilijua. Fundi wa mbegu hahitaji kuambiwa joto linafanya nini. Nilijua kama mnavyojua mgonjwa wa nyumbani kwenu hatapona, mkaendelea kumwekea chakula.

Niliendelea kufanya kazi nyingine. Nilipima mbegu za mahindi za wafanyabiashara, nilifundisha wanafunzi kuhesabu punje, niliwakemea waliochagua nzuri. Hayo niliyafanya vizuri. Wapo waliotoka mikononi mwangu ambao sasa ni wataalamu kweli, na siku hizi wanakuja na magari yao kunisalimia.

Kisha ikaja mvua ya mwaka wangu wa mwisho kazini. Ilianza mapema na haikujua kukatika. Maharage yalichipua vizuri, yakafika majani manne, halafu yakaanza kuwa njano kuanzia chini. Niliitwa Kitanga, nikang'oa shina moja: mzizi ulikuwa umeoza, unanuka, unaachia ngozi mkononi. Nikang'oa la pili. Nikatembea shamba mpaka shamba, mita kwa mita, na yote yalikuwa nyekundu na yote yalikuwa hivyo hivyo. Kina mama walinifuata nyuma. Mmoja wao akasema kwamba zamani lingebaki japo harage la mboga. Nyakitonto ilikuwa vilevile. Ofisi iliniagiza niandike taarifa ya tathmini. Niliandika kurasa sita, na hakuna hata mmoja uliokuwa na chakula.

Wiki chache baadaye mlinzi alinipigia simu kutoka getini. Alisema kuna bibi hataki kuandika kwenye kitabu cha wageni anamtafuta nani, anasema amefuata imbuto yake, yaani mbegu. Nikakimbia, kwa umri wangu ule.

Alikuwa amezeeka. Ameshika kikapu, na begani ana khanga iliyokunjwa vizuri ya kufungia. Nikamwamkia, akaniitikia, akanishika mikono yote miwili. Aliniambia amekuja na bodaboda na amechafuka, nimsamehe. Kisha akasema msimu wa pili uko karibu na mvua bado ipo, kwa hiyo anahitaji ile ya mvua. Alisema hata nusu yake inatosha, atazipanda pembeni ya nyumba, na baada ya hapo atawaazima wengine, maana kijiji kizima kinamtazama yeye. Alikuwa amewaambia wote: yangu iko chuo kikuu.

Nilimpeleka ghalani. Sikuwa na mahali pengine pa kumpeleka. Nikapapasa nyuma ya mabomba, nikaitoa chupa, na lebo ilikuwa bado inasomeka. Alipoiona alipiga makofi mara moja, taratibu, kama wanavyofanya kanisani kwao. Alizitambua kupitia kioo, hata na ule unga mweupe juu yake. Alinionyesha ile nyeusi yenye mstari. "Ego, ndiyo, hii hapa. Uliitunza, mwana wanje, mwanangu."

Nikamwomba siku tisa. Nilimwambia lazima tuzioteshe kwanza kidogo tuone nguvu yake. Akasema nichukue hata kumi, yeye hana haraka, atalala kwa shangazi wa mkwewe hapo mjini.

Nilihesabu punje hamsini za ile nyeusi. Mkono ulitaka kuchagua na safari hii niliuachia. Nilichagua nzuri, vijana, nyinyi niliowakemea. Nikazipanda kwenye mchanga niliouchemsha mwenyewe, nikaiweka trei ofisini kwangu ili nisiwe mbali. Siku ya tatu nilifukua moja kwa ncha ya kalamu, nikaona imevimba, nikafurahi. Ilikuwa imevimba kwa maji tu. Siku ya tano mchanga ulikuwa tambarare kama ulivyoachwa, na harufu imeanza.

Siku ya sita nilipanda basi kwenda Kibondo, kisha Nduta, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi. Mwanafunzi wetu wa zamani anafanya kazi na shirika mojawapo kambini, na nilifikiri: hawa nao wametoka kulekule, huenda yupo aliyevuka na zilezile. Alinikutanisha na wanawake watu wazima waliokuwa wamepanga mchicha na sabuni vya kuuza kwenye njia ya sokoni. Nikawaeleza, nikawaonyesha ile punje nyeusi. Mmoja wao aliipokea, akaigeuza, akanusa.

"Hii naijua, mama," alisema. "Nilikuja nayo kilo nzima. Watoto walilia siku ya pili, tukaipika. Wewe nani alikupa?"

Nikamwambia. Akanirudishia kwa mikono miwili, kama kitu cha mtu aliyekufa. Niliuliza na kwa wengine mpaka basi likakaribia kuondoka. Kitanga nilipita siku ya saba na ya nane, nyumba kwa nyumba, kwa watu niliowafundisha mwenyewe kuchambua. Walikuwa wanafunzi wazuri. Hawakubakiza kitu.

Siku ya tisa nilimwaga trei. Kati ya hamsini, moja ilikuwa imetoa mzizi na shina, haina kichwa, kitu tunachokiita kipara, hakiendi popote. Zilizobaki zilikuwa uji na ukungu. Mama Bukuru alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango tangu asubuhi. Nikamwingiza ndani, nikamwonyesha. Nilianza kusema habari za joto na kiyoyozi na barua nilizoandika. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

Mezani palikuwa na faili la mbegu. Akaniuliza kama kila mwaka hakuna aliyekuwa anakuja kuzitazama. Nikamwambia yupo, ni mimi. Nilikuwa najaza fomu. Akataka kujua fomu ilikuwa inasemaje. Nikaifungua nikamsomea, mwaka hadi mwaka, jina lake, kijiji chake, na kwenye nafasi ya hali ya mbegu neno moja: nzuri. Mwandiko wangu, sahihi yangu. Mwaka wa kwanza niliandika hivyo kwa sababu nilikuwa nimeziotesha na zilikuwa nzuri. Miaka iliyofuata sikuotesha. Karatasi za kuoteshea zilikwisha, lakini mchanga ulikuwapo, mchanga hauishi. Niliogopa kuona. Nikiandika zimekufa wataamuru zitupwe, na bila mbegu hakuna kitengo cha mbegu, na bila kitengo hakuna Bi Chupa. Hayo ndiyo niliyomwambia, kwa Kiswahili hiki hiki, na sikulia kwa sababu sikuona kama nina haki hiyo.

Akanyoosha mkono kwenye chupa yenye mbegu zilizobaki.

"Basi nipe nikazipike. Zisitupwe."

"Hazipikiki, mama. Nilizitia dawa ya wadudu. Ni sumu."

"Hata kuku?"

"Hata kuku."

Akaitika kwa kichwa, akaikunja khanga yake, akanishukuru kwa siku tisa. Nilimsindikiza mpaka getini. Mlinzi alimwomba aweke dole gumba kwenye kitabu cha wageni, kwenye sehemu ya kutoka, na aliweka.

Miezi minne baadaye nikastaafu, mkanisomea risala ile. Ilisema nimehifadhi urithi wa mbegu wa wilaya zetu kwa uaminifu. Aliyeiandika alikuwa ametoa maneno hayo kwenye fomu zangu, kwa hiyo simlaumu. Niliziosha zile chupa mwenyewe kabla sijakabidhi ofisi. Ziko safi, zipo rafuni, mnaweza kuzitumia. Mliniomba ushauri na mimi ninao mmoja tu: otesheni kila mwaka, na mkiona zimekufa andikeni zimekufa, hata kama kazi yenu itakwenda nazo. Najua hamtafuata. Na mimi niliambiwa.

Mwezi uliopita nilikwenda Nyakitonto. Hakuna aliyeniita. Nilibeba sukari na sabuni kama mgeni yeyote. Mama Bukuru alinipokea vizuri, akatandika mkeka, akanipikia ugali na maharage, yale mekundu ya kununua. Tuliongea habari za wajukuu na za magoti yetu. Habari ya mbegu hakuitaja, nami sikuthubutu.

Tukiwa bado tunakula akaingia mwanamke kijana uani, mke mpya wa jirani, hata mwezi hajafika pale. Alikuwa na kikapu kipya cha kusuka, kitupu. Alipiga goti kidogo, akatusalimia, na kwa aibu ya ugeni akasema mama mkwe wake amemwelekeza aje hapa kuomba imbuto ya kuanzia nyumba, kwa kuwa hapa ndipo wote walipoombea. Mama Bukuru aliweka chini tonge lake. Hakuwa na hasira, nilimtazama usoni nikitafuta hasira ambayo ingenisaidia.

"Muombe huyu mgeni," alimwambia. "Yeye ndiye niliyempa anitunzie."

Yule binti akageuka palepale alipopiga goti, akanitabasamia, akaninyooshea mimi kikapu.